Giaboksi ya otomatiki kwenye gari la dragi: dalili, vyanzo na pa kuanzia

Wanaokimbiza Toyota Mark II, Chaser, Aristo na Subaru za turbo kwenye dragi (mbio fupi za mstari ulionyooka) kuanzia Nakuru hadi Eldoret na Kisumu huleta malalamiko yaleyale kwa mafundi. Giaboksi inateleza, inachelewa kushika gia, inachemka, inatapika oili. Suluhisho nalo huwa lilelile: mtu anaenda kwa wauza vipuri, ananunua giaboksi nyingine ya mitumba kutoka Japani, anaifunga na kurudi mstarini. Muda si muda, hiyo nayo imekufa kwa ugonjwa uleule.

Ushauri wangu ni mmoja, na yote yanayofuata yamejengwa juu yake: usifunge giaboksi ya pili kabla hujajua kilichoiua ya kwanza. Mara nyingi nguvu za injini zinasingiziwa tu. Muuaji ni presha ndogo ya oili au joto, na vyote viwili unaweza kuvipima kabla ya kulegeza nati. Unahitaji geji ya presha inayofika psi 300, kipimajoto cha oili na multimeta. Hivi vitatu kwa pamoja ni nafuu kuliko giaboksi moja ya mitumba.

Kabla hujagusa chochote

Usijaribu gari kwa kasi ya mbio kwenye barabara ya umma. Barabara kuu ya Nakuru–Eldoret ina malori, bodaboda na watoto wa shule. Tafuta eneo lililofungwa rasmi kwa mbio.

Gari la 4x4 kama Subaru lisiinuliwe magurudumu mawili tu kisha likaingizwa gia. Mawili yaliyo chini yatalirusha kutoka kwenye jeki. Inua yote manne, au usiinue kabisa.

Unapopima stoli, yaani kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja gari likiwa kwenye gia ili usome RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) inakomea ngapi, mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma ya gari. Weka vizuizi kwenye magurudumu, vuta breki ya mkono, na usizidishe sekunde 5. Kabla ya kurudia, weka N na uache injini ingurume dakika moja, kwa sababu katika sekunde hizo nguvu yote ya injini inageuka joto ndani ya konveta, kile chombo cha oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi.

"Nikikanyaga, RPM inapanda lakini gari haliendi"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, kwa hiyo tulipe nafasi.

Anza na oili. Kwenye Toyota nyingi zenye kijiti cha kupimia, oili husomwa ikiwa moto, injini ikinguruma, gari likiwa mahali tambarare, baada ya kupitisha lever kwenye gia zote na kurudi P. Ukisoma injini ikiwa imezimwa, oili ya konveta inakuwa imeshuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi), kijiti kinasema imejaa, kumbe imepungua. Ikipungua, pampu inavuta hewa. Ikizidi, gia zinaipiga mpaka inafanya povu, na povu halina presha. Dalili ya oili kidogo na ya oili nyingi ni moja: kuteleza.

Inuse pia. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua inakwambia sahani za klachi zimeshaanza kwisha. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia kupitia kipoza cha oili kilicho ndani ya rejeta. Hapo simama kabisa. Maji hulegeza gundi inayoshikilia nyuzi za klachi, na kubadilisha oili hakutaiokoa. Giaboksi hiyo ni ya kufunguliwa, na rejeta ni ya kutupwa.

Ya pili ni aina ya oili ya giaboksi ya otomatiki, yaani ATF. Ukisikia "ATF ni ATF", kataa. Kuna giaboksi za Toyota zinazotaka Dexron, nyingine T-IV, nyingine WS, na oili ya CVT (giaboksi isiyo na gia za hatua) ni kitu tofauti kabisa. Soma maandishi kwenye kijiti au kitabu cha gari. Na kumbuka kwamba ukifungua nati ya sampu unatoa chini ya nusu ya oili yote, kwa kuwa nyingi hubaki ndani ya konveta.

Ya tatu inasahaulika mno: waya wa throtoli. Giaboksi za familia ya A340, ambazo Toyota ilizifunga nyuma ya injini nyingi za 1JZ na 2JZ, zina matoleo ambayo waya unatoka kwenye throtoli hadi ndani ya giaboksi. Wengi hudhani kazi yake ni kushusha gia tu. Kazi yake kubwa ni kuiambia giaboksi mguu umekanyaga kiasi gani ili ipandishe presha. Mtu akibadilisha throtoli au mdomo wa kuingizia hewa, kisha waya ukaachwa umelegea, injini inatoa nguvu zote huku giaboksi ikidhani gari linatembea taratibu kwenda sokoni. Klachi zinashikwa kwa presha ndogo, zinateleza, zinaungua. Kipimo chake ni rahisi: mtu akanyage mafuta mpaka mwisho (injini ikiwa imezimwa), wewe utazame nafasi kati ya mwisho wa mpira wa waya na kile kikomo kilichobanwa kwenye waya. Inatakiwa iwe kati ya milimita 0 na 1. Kuirekebisha ni kazi ya spana mbili.

Kama oili na waya viko sawa, funga geji kwenye tundu la kupimia presha. Soma gari likiwa D bila kukanyagwa, kisha kwenye stoli, kisha rudia kwenye R, ukilinganisha na kitabu cha giaboksi hiyo. Presha ikiwa chini kwenye D na R zote mbili, shuku filta iliyoziba, pampu iliyochakaa au valvu ya kurekebisha presha. Ikiwa chini upande mmoja tu, kuna sili au pete inayovujisha kwenye klachi za upande huo. Presha ikiwa nzuri kote na bado inateleza, basi sahani zenyewe zimekwisha. Hiyo sasa ndiyo hukumu ya kufungua, na umeifikia kwa kipimo.

Kuna utelezi mwingine unaotokea mstarini tu: gari likifyatuka, RPM inaruka kwa nukta moja kisha linashika. Kwa kawaida hiyo ni oili iliyokimbilia nyuma ya sampu na kuacha mdomo wa filta ukivuta hewa. Sampu yenye kina zaidi huponya tatizo hili, mradi mdomo wa filta nao ushushwe ufike chini. Sampu kubwa yenye filta fupi haijabadilisha kitu.

"Kwa D linaondoka zito sana, kwa L linaondoka sawa"

Usifungue giaboksi. Kwenye A340E umeme wa solenoidi (vali za umeme zinazobadilisha gia) ukikatika, D huondokea gia ya 4, nafasi ya 2 inatoa gia ya 3, na L inatoa gia ya 1. Kwa hiyo gari linaloondoka kwa uzito kwenye D lakini likachangamka kwenye L linakupa jibu kwa mdomo wake: ni umeme.

Tazama taa ya O/D OFF. Ikipepesa, unganisha kwa waya matundu ya TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi na uhesabu mipepeso. Namba 62 na 63 ni solenoidi mbili za kubadilisha gia, 64 ni ile ya kufunga konveta (izunguke sawa na injini bila kuteleza), 42 na 61 ni vihisi vya mwendo. Kisha pima solenoidi kwa multimeta. Nzima husoma ohm 11 hadi 15. Kwenye Subaru yenye gia 4, taa ya AT OIL TEMP ikipepesa mara 16 unapowasha gari, kompyuta ya giaboksi imehifadhi hitilafu.

Chanzo cha kawaida ni plagi iliyoloa oili au waya uliobanwa wakati injini ilipobadilishwa. Solenoidi yenyewe huja baadaye kwenye orodha, na kompyuta huja mwisho kabisa.

"Nilipima stoli Nakuru, iko chini. Konveta imekufa?"

Pengine haijafa hata kidogo. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu karibu mita 1,130, Eldoret karibu 2,100. Hewa ya Nakuru ina uzito wa takriban asilimia 80 ya ile ya pwani, hivyo injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja kati ya tano ya nguvu zake za kusukuma. Kasi ya stoli hufuata kipeuo cha pili (square root) cha nguvu hiyo: nguvu zikishuka kwa asilimia 20, stoli inashuka kwa kama asilimia 10. Gari ambalo kitabu kinasema stoli ni RPM 2,400 litasoma karibu 2,250 Kisumu na karibu 2,150 Nakuru, na hakuna kilichoharibika. Turbo ambayo haijapata muda wa kujaza itaonyesha vivyo hivyo.

Toyota husema stoli ikiwa chini ya kipimo kwa zaidi ya RPM 600, ndipo ushuku konveta. Kabla ya kufika huko, pima injini: kompresheni, plagi, bosti (presha ya turbo). Injini dhaifu hushusha stoli sawasawa na konveta mbovu.

Stoli ikiwa juu ya kipimo, maana inageuka. Juu kwenye D na R zote: presha ndogo au oili imepungua. Juu kwenye D peke yake: klachi ya mbele au klachi ya upande mmoja (inayoruhusu mzunguko wa upande mmoja tu) inateleza.

Ukiagiza konveta ya stoli ya juu, yaani inayoiacha injini ipande RPM nyingi kabla gari halijaondoka, mwambie muuzaji gari litakimbilia mwinuko gani. Konveta iliyopangwa kwa uwanja wa pwani itafanya kazi kwa kasi ya chini zaidi huku juu, na utalaumu kitu kisicho na kosa.

"Inachelewa kushika nikiweka D"

Hesabu muda kutoka N hadi usikie gari limeshika. D isizidi sekunde 1.2, R isizidi 1.5, oili ikiwa imepata moto. Asubuhi ya baridi ya Nakuru kuchelewa kidogo ni kawaida. Ikichelewa hata ikiwa moto, rudi kwenye oili, filta na presha. Ikichelewa baada ya kulala usiku kucha tu, oili ya konveta inarudi kwenye sampu. Haiui gari, lakini usiondoke kwa kasi kabla haijashika.

"Oili inachemka" au "inatapika"

Joto linalofaa ni nyuzi 80 hadi 95 za selsiasi. Ikifika 120, simamisha mbio za siku hiyo mpaka ipoe. Karibu na 150 sili za mpira zinakakamaa na klachi zinaungua, na hakuna oili ya bei ghali itakayorudisha kilichokwisha.

Sababu ya kwanza ni konveta ya stoli ya juu kwenye gari linalotembea barabarani. Fikiria mtu anayetoka Kisumu kuja mbio Nakuru: anapita Ahero, anapanda Kericho, anaendelea Londiani hadi Mau Summit. Katika kupanda kule konveta haijajifunga na inateleza muda wote, na kila utelezi ni joto. Anafika uwanjani oili imeshaiva kabla ya mbio ya kwanza. Gari la namna hiyo libebwe kwenye trela au flatbedi. Na likiburutwa huku magurudumu yanayoendeshwa yako chini na injini imezimwa, pampu haizunguki na giaboksi inajisaga kavu.

Sababu ya pili ni kipoza. Vumbi la murram huziba mapezi yake, na upande wa Kisumu wale wadudu wa ziwa wanaokuja kama wingu hujaa ndani yake mpaka hewa haipiti. Safisha kwa hewa au maji ya polepole kutoka nyuma kwenda mbele. Kisha pima mtiririko: fungua bomba la kurudisha oili, lielekeze kwenye chombo, washa injini ikiwa N. Lita moja itoke ndani ya sekunde 30 hivi. Ikitoka kwa shida, kuna kizuizi.

Na hapa ndipo giaboksi nyingi za pili hufia. Giaboksi iliyosagika hutuma unga wa chuma hadi kwenye kipoza. Fundi anafunga giaboksi mpya lakini anaacha kipoza kilekile na mabomba yaleyale. Siku ya kwanza tu, unga wote unarudi ndani ya giaboksi mpya na kukwaruza pampu na valvu. Giaboksi ikifa kwa chuma, kipoza kitupwe na mabomba yasafishwe kwa nguvu. Ukishindwa kununua kipoza kipya, subiri mpaka uweze. Nasisitiza hili kwa sababu nauona mzunguko huu ukiwala vijana pesa kila msimu.

Kati ya mbio moja na nyingine, acha injini ingurume kwenye N, feni ya kipoza ikifanya kazi. Usizime mara moja, na usikae D ukiwa umekanyaga breki.

Oili inayotoka juu kwenye tundu la kupumulia imezidi, imechemka au ina povu. Tundu hilo liunganishwe na kopo la kukusanyia, kwa sababu oili ikidondokea bomba la ekzosi inawaka, na ikimwagika chini ya tairi lako la nyuma unapoteza gari. Oili inayotoka mbele, kati ya injini na giaboksi, ni sili ya pampu. Lakini jiulize kwa nini sili imekufa: mara nyingi bushi ya pampu imechakaa au maunti ya giaboksi imevunjika.

Kelele

Mlio wa kugonga injini ikinguruma tu, unaofanana na beringi ya injini iliyokufa, unaweza kuwa fleksipleti (bamba linaloshikanisha injini na konveta) iliyopasuka. Fungua kifuniko cha chini na uitazame kwa tochi kabla ya kuhukumu injini. Ikiwa na ufa, gari lisiwashwe tena.

Mlio mkali mara tu baada ya kufunga giaboksi: konveta haikuingia mpaka mwisho, na boliti zimevuta na kuvunja pampu. Konveta inatakiwa iingie kwa hatua, ukiizungusha. Kisha, giaboksi ikiwa imeshikana na injini lakini konveta haijafungwa, iwe inazunguka kwa mkono na ibaki nafasi ndogo kati yake na fleksipleti. Kama boliti za kengele (ganda la mbele la giaboksi linaloshikana na injini) ndizo zinazovuta giaboksi ikaribie, acha. Toa, anza upya.

Mvumo kwenye Subaru baada ya kubadilisha oili: difu ya mbele ina oili yake na kijiti chake, mbali na ATF. Kuna watu hufungua nati ya difu wakidhani ni ya giaboksi, kisha wanaongeza ATF juu ya ATF. Difu inabaki kavu, giaboksi imefurika. Kagua vijiti vyote viwili leo, hata kama husikii kitu.

"Subaru inajikaza kwenye kona"

Kwanza tairi. Zote nne ziwe za saizi moja na zilizochakaa sawasawa, la sivyo klachi ya kugawa nguvu nyuma inasagana muda wote. Kwenye zile zenye kishikio cha fyuzi kilichoandikwa FWD (kuendesha kwa magurudumu ya mbele tu), weka fyuzi hapo na uzungushe kona polepole. Kukaza kukiisha, klachi na solenoidi yake vinatii, tafuta kwenye umeme na tairi. Kukibaki, solenoidi imekwama au sahani zimeshikana. Toa fyuzi kabla ya mbio.

Ukifungua, ijengwe vipi iwe na nguvu

Nguvu huanza na presha, kisha eneo la klachi, kisha shafti. Wengi huanza na shafti kwa sababu ndiyo inayoonekana. Sahani mpya ziloweshwe kwenye ATF angalau nusu saa. Nafasi ndani ya kila furushi la klachi iwe kama milimita 0.25 kwa kila sahani ya nyuzi. Ikibana mno zinajiburuta na kuungua, ikilegea mno pistoni inachelewa. Kabla giaboksi haijarudi garini, puliza hewa ya psi 30 hadi 40 kwenye kila mfereji wa klachi. Kila pistoni igonge mara moja, kwa sauti nzito. Ukisikia hewa ikifuka tu, kuna sili iliyokatika wakati wa kufunga, na ni heri uijue ikiwa mezani.

Wachache wanaoleta giaboksi za Marekani kama Powerglide ya gia 2 au TH400 ya gia 3 wanapata vipuri vya mbio vya kila aina. TorqueFlite 727 nayo ni imara, ila klachi yake ya upande mmoja ikivunjika gari likiwa gia ya 1 kwa nguvu zote, ngoma ya mbele huzunguka kupita kiasi na inaweza kupasuka kama bomu, vipande vikapita sakafuni hadi kwa dereva. Kwa hiyo mambo haya hayajadiliwi:

Ngao ya giaboksi yenye alama ya SFI 4.1 (SFI ni taasisi ya Marekani ya viwango vya usalama wa vifaa vya mbio), fleksipleti ya SFI 29.1 na ngao yake ya SFI 30.1. Pete ya chuma ya kushika propela, ndani ya sentimita 15 kutoka kwenye jointi ya mbele, ili ikikatika isichimbe lami na kupindua gari. Swichi inayozuia injini kuwaka ikiwa kwenye gia, na kizuizi cha R kwenye lever. Mabomba ya oili yawe ya kustahimili presha na joto, mbali na ekzosi na mbali na fleksipleti.

Tranzibreki hushika gia ya 1 na R kwa pamoja, na gari linasimama huku injini inasukuma. Ikiwa mara moja imewahi kuachia yenyewe, au imechelewa kuachia, gari haliendi mstarini mpaka swichi, waya na solenoidi vimekaguliwa. Mbele yako kuna mtu anayeelekeza magari.

Sasa mahali pa kuweka spana chini na kumwita mtaalamu wa giaboksi, si fundi wa kila kitu: ukikuta vipande vya chuma kwenye sampu (unga mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida, vipande havikubaliki), maji ndani ya oili, presha ndogo kote baada ya filta mpya, ufa kwenye kengele au ngoma, au crankshafti inayocheza mbele na nyuma. Hiyo ya mwisho huenda ni konveta iliyovimba kwa presha na kusukuma beringi ya injini, na ukibadilisha giaboksi pekee utaipoteza injini pia. Mtaalamu akikuambia atafungua bila kupima presha kwanza, mpe geji yako. Akikataa kuitumia, lipeleke gari kwa mwingine.